Tinti kwa matatu ni kosa, kwa wanaoteka watu je?

Sheria za trafiki zinakataza matatu kuwa na vioo vya tinti. Sababu inaeleweka: abiria waonekane, na askari barabarani ajue ndani kuna nini. Sawa, hatupingi. Na mwenye gari lake akibandika tinti kujikinga na jua la Mombasa, hana neno.

Lakini tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Wakenya wameona vijana wakibebwa mchana kweupe na watu waliofunika nyuso, ndani ya magari ya vioo vyeusi ti, mengine hayana nambari za usajili. Kwetu Pwani hilo si jambo geni. Kuna kina mama wanasubiri wana wao miaka sasa.

Kifungu cha 49 cha Katiba kiko wazi: anayekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na wakili, afikishwe kortini ndani ya saa 24. Sasa familia itamtafuta wakili aende kituo gani, ikiwa haijui ni nani amembeba?

Anayekamata kwa sheria hana haja ya kujificha. Ajitambulishe, gari liwe na nambari halisi, basi.

Ndugu yangu, ukiona mtu anabebwa hivyo, andika saa, mahali na aina ya gari. Piga ripoti kituoni na usiondoke bila nambari ya OB. Leo ni mtoto wa jirani, kesho ni wako.