Kabla ya kujisifu na GIS, ijue kwanza ramani ya halmashauri yako

Leo tuache kidogo mbolea na viwavijeshi. Siku hizi maafisa ugani wengi tunasoma kozi fupi za GIS, yaani kutengeneza na kusoma ramani kwa kompyuta, na nyie wakulima mmeshazoea kutuona tunazunguka mashamba yenu na simu mkononi. Nina neno juu ya kozi hizi.

Nyingi zinafundisha vitufe. Unapewa faili safi alilokwisha kuliandaa mwalimu, unafungua QGIS (hii ni ya bure, hailipiwi leseni), unapaka kata rangi, unachapa, unapewa cheti. Sawa. Ila ukirudi kituoni unakutana na ramani za halmashauri yenyewe, na huko ndiko kwenye kazi. Kwa maoni yangu nusu ya kozi ingetumika kwenye data za wilaya anayotoka mwanafunzi, pamoja na uchafu wake wote.

Nitoe mfano. Ramani za zamani za serikali, zile za 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zilezile ukizisoma kwa mfumo usio wake, hapa Tanzania unahama karibu mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 si mchezo ndugu zangu, ni zaidi ya heka nne zikipangwa kwa mstari.

Sasa sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Chukua shamba la mama mmoja lililopimwa kwa simu, liweke juu ya mto uliotolewa kwenye ramani ya zamani bila kuoanisha mifumo. Kwenye kioo cha kompyuta mama kalima ndani ya eneo la mto, kumbe yuko mbali kabisa. Au kinyume chake, aliyelima kingoni anaonekana hana kosa. Na ramani ikishachapwa kwa rangi na kugongwa muhuri, nani atamsikiliza mama akisema mto uko kule?

Wa Dodoma wana la ziada. Mstari unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za vipimo unapita ndani ya mkoa wao, mashariki kidogo ya jiji. Jiji liko kanda moja, Kongwa iko nyingine. Ukichanganya hapo, shamba linaruka mamia ya kilomita, na afadhali hilo, maana kosa kubwa linaonekana. Lile la mita 300 ndilo linalopita kimyakimya.

Kuna na suala la vijiji kugawanywa. Faili linaonyesha kijiji kimoja, ukifika unakuta viwili, kila kimoja na mwenyekiti wake. Wengine huchukua mipaka ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na kuitumia kuamua ugomvi wa mkulima na mfugaji. Jamani, mipaka ile imechorwa kwa ajili ya kuhesabu watu. Kwa ugomvi wa ardhi tafuta cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Najua kuna watakaosema hii ni kazi ya mpima na afisa ardhi. Ni kweli, mwenye mamlaka ya mpaka si mimi. Lakini anayeulizwa heka ngapi zimelimwa, na anayepeleka orodha ya mashamba ya bondeni, ni bwana shamba na bibi shamba. Tukipeleka takwimu za shamba lililohama, mbolea na miche navyo vitahama. Kwa hiyo halmashauri zitupe mafaili hayo, na kila faili liandikwe limechorwa lini, kwa mfumo gani na nani kalitengeneza. Kwa sasa mengi yako kwenye flashi ya mtu mmoja, akihamishwa yanaondoka naye.

Mkulima, na wewe afisa akija kupima shamba lako, muombe akuonyeshe kwenye ramani kitu mnachokijua wote, iwe shule, kisima au daraja. Kama daraja liko nje ya barabara, mwambie asiandike chochote kwanza.