Romeo na Juliet hawakufiana

Baada ya somo la fasihi ya Ulaya tulibaki mlangoni tukibishana. Mwenzetu mmoja alisema tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, haifai kusomeshwa vijana kwa sababu inakipamba kifo: watoto wawili wanapendana, wanajiua, nasi tunapiga makofi. Mwingine akaitetea: "Lakini ni jambo zuri, walifiana." Naona wote wawili walikuwa wakizungumzia mchezo mmoja, nao si ule ulioandikwa.

Hilo neno "walifiana", sisi wa isimu hatuwezi kuliacha lipite. Kiambishi -an- kinadai watu wawili wanaotendeana, mimi kwako na wewe kwangu. Sasa fungua onyesho la kaburini. Romeo, ambaye punde tu amemuua Paris mahali hapo hapo, anakunywa sumu kando ya mke aliye hai. Anaona midomo na mashavu yake bado ni mekundu, analisema hilo kwa kinywa chake, na bado haelewi. Juliet anaamka akiwa amechelewa kidogo tu. Padri Laurence anamsihi waondoke, kisha anasikia walinzi wanakuja, anakimbia. Msichana ambaye hajatimiza miaka 14 anaachwa peke yake na maiti. Hawakuagana. Hawakusemezana neno hata moja. Na yote yametokana na barua ambayo haikufika, kwa kuwa mtawa aliyeibeba alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Pambo liko wapi hapo?

Pambo lililetwa na waliofuata. Mwaka 1748 David Garrick, mwigizaji wa London, aliliandika upya onyesho hilo ili Juliet aamke kabla Romeo hajakata roho, wapate kuongea. Gounod, katika opera yake iliyoimbwa Paris mwaka 1867, aliwapa wimbo wa kuagana na kuwafisha pamoja. Filamu ya Baz Luhrmann ya 1996, ambayo wengi wetu tumeiona kabla ya kusoma kitabu, nayo inamfumbua Juliet macho Romeo akiwa anakunywa. Hao ndio waliotuletea "-ana".

Kitenzi hichohicho kinatupa neno jingine: kufiwa. Katika opera ya Gounod pazia linafungwa juu ya wapenzi, waliofiwa hawaonekani. Shakespeare hakufanya hivyo. Juliet akishaanguka, wanaingia walinzi, mtawala, wazazi. Mama yake Romeo amekwisha kufa usiku uleule kwa huzuni ya mwanawe kufukuzwa mjini. Padri anasimulia mambo yote upya, kwa urefu unaochosha, na waongozaji wengi hupenda kumkata. Mimi nisingemkata. Aliyewahi kukaa kwenye kilio cha kijana hapa kwetu anayajua mazungumzo hayo. Watu hawasemi habari za mapenzi. Wanauliza nani alijua, nani alipigiwa simu, kwa nini aliyetumwa hakufika.

Nakubali kwamba mwenzangu ana hoja moja nzito: zile sanamu za dhahabu. Baba yake Romeo anaahidi kumsimamishia Juliet sanamu, na baba yake Juliet anajibu kwamba ya Romeo haitakuwa duni. Hapo kifo kinapambwa kweli. Lakini tazama ni nani wanaopamba: wazee walewale ambao ugomvi wao uliwaua watoto, na hata mbele ya maiti wanashindana kwa thamani ya dhahabu. Sidhani Shakespeare alitaka tuwaamini.

Darasani tulifunga kitabu pale Juliet alipoanguka, muda ulikuwa umekwisha. Kurasa zilizobaki hatukuzigusa, na sisi watatu tulizibishania mlangoni bila kuzisoma. Naomba kipindi kijacho tuanzie hapo.