Amri ya kukamata imefutwa, lakini amande ingali pale

Kila mara inaposikika mjini kwamba amri ya kuwakamata watu wasiolipa amande imefutwa, shangwe inaanza. Wamotari wanapiga honi, wamama sokoni wanamshukuru Mungu, na kambini wahamishwa wa vita wanaambiana: deni limekwisha. Halijakwisha. Na viongozi wanaowaacha raia waamini hivyo wanawatega.

Kuna vitu vitatu ambavyo havifanane: hukumu ya tribinali, amande iliyo ndani ya hukumu, na amri ya kuitekeleza. Amri ikifutwa, ni hiyo ya tatu tu imeondoka. Hukumu ingali kwenye faili, na amande inangojea amri nyingine.

Kitabu cha kwanza cha kode penali ya Kongo, kifungu cha 12, kinasema kwamba mtu asipolipa ndani ya siku 8, amande inaweza kugeuzwa kifungo cha muda uliowekwa na hakimu, usiopita miezi 6. Akilipa, anatoka. Lakini kifungu hicho kinaongeza jambo ambalo wengi hawaambiwi: mtu hawezi kuokoa mali yake kwa kusema afadhali alale gerezani. Kwa hiyo baba akirudi nyumbani kwa sababu amri ya kumfunga imefutwa, pikipiki yake na mbuzi wake wangali hatarini.

Nani basi anaweza kuondoa amande yenyewe? Tribinali ya juu, ikivunja hukumu. Rais wa Jamhuri, kwa msamaha wa kifungu cha 87 cha Katiba. Bunge, kwa sheria ya amnistia. Gavana hayumo. Komanda wa polisi hayumo. Kifungu cha 151 kinakataza serikali kupinga utekelezaji wa uamuzi wa hakimu. Mkubwa anayepanda jukwaani na kusema "nimewasamehe amande" anagawa kitu kisicho chake.

Upande wa pili nao una ubaya wake. Amri iliyofutwa haiwezi kumpeleka mtu kasho. Askari anayemkamata raia kwa karatasi iliyokwisha nguvu anakanyaga kifungu cha 17, kinachosema hakuna mtu wa kufungwa ila kwa sheria. Kifungu cha 18 kinamlazimisha kumwambia mtu papo hapo sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa. Hapa mashariki lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili, lakini karatasi zinaandikwa Kifaransa.

Wanaoumia zaidi ni wahamishwa. Nyumba imeungua pamoja na karatasi ya malipo. Mama aliyekwisha kulipa hana cha kuonyesha, na aliyefutiwa amri ana neno la redio tu. Neno la redio halifungue mlango wa kasho.

Viongozi wanaotangaza kufuta waandike, kwa Kiswahili, wabandike kwenye ofisi ya mtaa na kambini: ni nini kimefutwa, amri au amande? Kwa nani? Tangu siku gani? Nao walipaji wapewe kopi ya karatasi zao bila kudaiwa hata franka moja. Bila hayo, shangwe ya leo ni machozi ya kesho.