Tusiwaite wahuni kabla ya kuwasikiliza



Ukipita Bumbuli siku ya gulio, simama kidogo kwenye kijiwe cha bodaboda. Utamkuta kijana anayesubiri abiria akifuatisha wimbo wa hip-hop kutoka kwenye simu yake, mstari kwa mstari, bila kukosea neno. Kijana huyohuyo muulize Padre alihubiri nini Jumapili iliyopita: atacheka na kujikuna kichwa. Wazee wetu wakiona hivyo husema kizazi kimepotea, muziki wa kihuni umekiharibu. Sisi waseminari tuliokulia huku milimani, na ambao nyimbo hizo tunazijua pia, tunaomba kutofautiana nao kidogo, kwa heshima zote.

Hip-hop ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, katika sherehe za vijana wa mitaa ya watu maskini. Ilipofika kwetu ilianza kwa kuigiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alipata sifa kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa Vanilla Ice. Lakini vijana hawakubaki hapo. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, yenye wimbo Ndiyo Mzee, ambamo mwanasiasa anaahidi kila kitu na watu wanamwitikia tu. Hata mzazi asiyependa kuchana alicheka, kisha akatafakari.

Mkoa wetu wa Tanga nao haukukaa kimya. Wagosi wa Kaya walijipa jina ambalo Msambaa hahitaji kutafsiriwa: wanaume wa nyumbani. Katika Tanga Kunani waliuliza mji uliokuwa na viwanda na mkonge umepatwa na nini. Katika Wauguzi walisema wazi yale ambayo wagonjwa hunong'onezana kwenye foleni. Sisi tunaona hapo kitu kinachofanana na Nabii Nathani. Hakumrukia Daudi kwa lawama. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake, na mfalme akajihukumu mwenyewe.

Hatusemi kila hip-hop ni njema. Ziko nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke, zinazosifu pombe na kutamba kwa fedha ambazo hata mwimbaji hana. Mdundo mzuri hausafishi maneno machafu. Kipimo chetu ni rahisi: ondoa mdundo, kisha yasome maneno mbele ya mama yako. Ukishindwa kuendelea, tatizo si umri wa mama. Singeli ya uswahilini Dar es Salaam tunaipenda kwa kasi yake, ila mara nyingi inakimbia mpaka ujumbe unabaki nyuma.

Wala hatuombi muziki huu upelekwe altareni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, uliupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi, na ukataka pia muziki wa asili wa kila taifa uheshimiwe. Kwaya zetu zina kazi ya kutosha hapo. Sisi tunazungumzia ukumbi wa parokia, na mimbari.

Ndiyo, mimbari. Anayechana huweza kukaa siku nyingi na beti moja, akitafuta neno litakalokaa kichwani mwa msikilizaji. Sisi, tuseme kweli, mara nyingine tunaandaa zoezi la mahubiri usiku wa kuamkia zamu yetu, tukikopa maneno mazito kwenye madaftari ya teolojia. Halafu tunashangaa waamini wakisinzia. Kijana wa bodaboda hakukosa kumbukumbu. Alikosa mtu wa kusema naye kwa lugha ya maisha yake.

Na maisha hayo yana mengi ya kusemwa. Kiwanda cha chai cha Mponde kilikaa kimya kwa miaka huku majani yakizeeka mashambani. Wasichana wadogo wanashushwa milimani kwenda kufanya kazi za ndani mijini, na wengine hawarudi walivyoondoka. Mvua kubwa zikinyesha, udongo unafunga barabara na mgonjwa anabebwa mabegani. Nani ataziimba habari hizi?

Tunapendekeza basi: Jumapili moja, baada ya Misa, vijana wapewe ukumbi na kipaza sauti, wachane mistari waliyoandika wenyewe kuhusu Bumbuli, kwa Kiswahili au Kisambaa, bila matusi. Wazee wakae viti vya mbele. Nasi waseminari tukae na kalamu mkononi, tujifunze. Mtume Paulo alituagiza tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Hatuwezi kulishika tusilolisikiliza.