Wingi wa Tarakimu si Ukweli

Wako watu wasemao kuwa hesabu ikitoka katika mashine haina haja ya kuulizwa tena, na kwamba tarakimu zikiwa nyingi basi ukweli umetimia. Maneno haya ni mepesi kutamka lakini ni mabaya kufuata. Mwongo hageuki kuwa mkweli kwa kusema maneno mengi, nazo tarakimu ni vivyo hivyo.

Mwingereza William Shanks alitumia miaka mingi kuhesabu kwa mkono thamani ya pai. Mwaka 1873 alitangaza tarakimu 707 baada ya nukta. Zaidi ya miaka 70 ikapita, ndipo D. F. Ferguson aliposhika njia nyingine ya kuhesabu, akaona kuwa Shanks alipotea kwenye tarakimu ya 528. Zilizofuata zote zilikuwa makapi.

Mtu atajibu kuwa Shanks alikuwa mwanadamu, na mashine haichoki. Kweli haichoki, lakini hutii tu. Iamuru mashine ishikayo tarakimu 16 itafute e yenye kipeo hasi 20 kwa mfululizo wake, mara kujumlisha, mara kutoa. Namba zilizo kubwa katika mfululizo huo hupita milioni 43, na jibu la haki ni karibu 0.000000002. Tarakimu nane humezwa na mamilioni yale; nane zilizosalia hazifiki mahali jibu lilipo. Mashine itatoa upuuzi mrefu bila haya. Mwerevu hutafuta e yenye kipeo 20, ambamo hamna kutoa, kisha hugawanya 1 kwa namba hiyo, akapata sawa.

Wengine husema kosa dogo halimdhuru mtu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulikuwa umefanya kazi kwa saa 100 mfululizo. Kompyuta yake haikuweza kuandika sehemu ya kumi ya sekunde kwa ukamilifu, ikakata mabaki. Mabaki hayo yalilimbikana hata kipimo cha wakati kikapotea kwa theluthi ya sekunde. Kombora likapita, askari 28 wa Marekani wakafa.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa tena, roho haijengwi. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, usiulize tu jibu lina tarakimu ngapi. Uliza ngapi katika hizo zimethibitishwa, na kwa njia gani ya pili.