Mapacha ni wawili, mbona tunawahesabu kama mmoja?

Mtoto wetu wa pili alifungwa kwenye sweta langu siku aliyozaliwa. Si kwamba hatukujiandaa. Mke wangu alikuwa amefungasha mapema kila alichoagizwa kliniki: karatasi ya nailoni, glavu, pamba, wembe, shuka la mtoto na kofia yake. Vyote vilikuwa vya mtoto mmoja, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba tunangoja wawili.

Sisi tunaishi Kitswamba, wilayani Kasese. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, na mke wangu, mzaliwa wa Bwera karibu na mpaka wa Kongo, anauza nyanya na dagaa sokoni. Alikwenda kliniki mara nne. Kila mara alipimwa presha, akapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa mtoto anaendelea vizuri. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Bwera, alilitazama tumbo lile na kusema, "Hili si la mtu mmoja." Tulicheka.

Uchungu ulianza usiku, mwezi mmoja kabla ya siku tuliyoitegemea. Tulipanda bodaboda hadi kituo cha afya. Binti yetu alizaliwa salama. Mkunga akashika tumbo, akanyamaza, akashika tena. "Kuna mwingine," akasema, "na amelala kwa upande."

Pale hapakuwa na daktari wa upasuaji. Gari la wagonjwa lilikuwepo lakini halikuwa na mafuta, nikawa nawapigia ndugu simu usiku wa manane ili tuchange fedha. Mvulana wetu alitolewa kwa upasuaji alfajiri, katika hospitali nyingine, akiwa na kilo 1 na gramu 800. Shuka lilikuwa kwa dada yake, ndiyo maana nikavua sweta.

Simlaumu mkunga yule. Alikuwa peke yake zamu nzima, na bila yeye leo nisingekuwa naandika haya. Ninachouliza ni kwa nini habari ya mtoto wa pili ilitufikia akiwa tayari njiani, baada ya miezi minane ya kuhudhuria kliniki.

Ajabu ni kwamba Afrika Mashariki haikosi heshima kwa mapacha. Kwetu Bakonzo wanaitwa Nguru na Ndobya. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na wazazi hupewa heshima ya Ssalongo na Nnalongo. Wajaluo wana Opiyo na Odongo. Burundi utawakuta Bukuru na Butoyi, Tanzania Kulwa na Doto, na kwa Waluba wa Kongo Mbuyi na Kabanga. Kila lugha ina jina la wa kwanza na jina la wa pili. Wazee wetu walijua kwamba hawa ni watu wawili. Daftari la kliniki na sheria ya kazi ndivyo ambavyo bado havijajua.

Jambo hili si la familia chache. Kati ya kila uzazi 1,000 barani Afrika, takriban 17 ni wa mapacha, wakati wastani wa dunia ni 12. Na ndio watoto tunaowapoteza zaidi. Watafiti waliochunguza takwimu za nchi za kusini mwa Sahara waligundua kwamba kati ya mwaka 2009 na 2014, karibu pacha mmoja kati ya watano alifariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Hiyo ni karibu mara tatu ya vifo vya watoto wanaozaliwa peke yao.

Sababu zinajulikana. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wakati, wakiwa na uzito mdogo. Wa pili anaweza kulala vibaya baada ya mwenzake kutoka. Mama naye yumo hatarini zaidi ya kutokwa damu nyingi, kwa kuwa mfuko wa uzazi uliotanuka sana hushindwa kujikaza upesi. Kila moja ya hatari hizi hupungua familia na mkunga wakijua mapema, kwa sababu mama atapangiwa kujifungulia mahali penye daktari, damu na chumba cha upasuaji.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mwanamke wa kijijini kwetu kipimo hicho maana yake ni nauli hadi Kasese mjini, ada ya kipimo na siku nzima bila kuuza. Wengi huahirisha, kama tulivyoahirisha sisi.

Watasema serikali haina fedha. Lakini si kila kitu kinangoja mashine. Mkunga mwenye utepe wa kupimia anaweza kuona tumbo lililozidi umri wa mimba. Anaweza kuuliza kama katika ukoo kuna mapacha. Mama mwenye dalili hizo ndiye atangulizwe kwa altrasaundi, bila malipo, na neno "mapacha" liandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi yake. Mafuta ya gari la wagonjwa yawe yametengwa kabla ya usiku wa dharura. Na mfuko wa kujifungulia uwe na shuka mbili.

Baada ya kuzaliwa, hesabu iliendelea kukosewa. Hospitalini tulifundishwa kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto njiti. Mama mwenye kidonda cha upasuaji hawezi kuwabeba wawili mchana na usiku, kwa hiyo mmoja alikaa kwake na mwingine kwangu. Wanaume waliopita wodini walinicheka. Sikujali, maana kijana alikuwa anaongezeka uzito.

Siku ya tano nilitakiwa kurudi darasani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa baba siku 4 za kazi, na mama siku 60 za kazi, awe amezaa mmoja au watatu. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, inampa mama siku 84, na akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo anapata siku 100. Siku hizo 16 za nyongeza si nyingi, lakini zinaonyesha kwamba aliyeiandika sheria alimwona mtoto wa pili. Kenya nayo inampa baba wiki 2.

Tangu mwaka 2010 tuna Soko la Pamoja linalomruhusu mfanyakazi kuvuka mpaka. Basi kwa nini mama wa mapacha ahesabiwe vizuri akiwa Mwanza, asahauliwe akiwa Kasese? Hili ni jambo dogo ambalo Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha linaweza kulisukuma, na nchi wanachama zikaiga sheria iliyo bora kati ya zile zilizopo.

Najua likizo isingemsaidia mke wangu, kwa kuwa muuza nyanya hana mwajiri. Alirudi sokoni akiwa na mtoto mmoja mgongoni, na mwingine kwa mama mkwe, ambaye aliacha shamba lake Bwera kwa miezi mitatu. Kwa wanawake kama yeye, walio wengi, msaada unaanzia kliniki: kujua mapema, kusafirishwa haraka, na kutolipishwa mara mbili kwa kuwa wamezaa mara mbili.

Watoto wetu sasa wanatembea, na wananyang'anyana kila kitu. Wanamgombania hata bibi yao, ambaye bado ananikumbusha tumbo tulilolicheka. Lakini tulikuwa na simu, na tulikuwa na ndugu wa kuchanga mafuta. Usiku huu, mahali fulani kati ya Kitswamba na Mpondwe, yupo mama ambaye hana.