Fedha ya Marehemu Haigawanywi kwa Macho

Akifa mwenye nyumba katika miji yetu hii ya pwani, shamba lake hupimwa, minazi ikahesabiwa mmoja mmoja, na penye ubishi kadhi akaitwa. Lakini likifunguliwa kasha la marehemu mama, ikatoka mirashi na vyetezo, na birika la chai la Kizungu, na mafurungu ya bibi, hapo hesabu husahauliwa. Kaka mkubwa hulipindua birika, akasema: "Hili ni fedha, lina chapa, nachukua mimi. Nyinyi chukueni haya mafurungu, hayana chapa yoyote." Na dada zake huinamisha vichwa kwa haya.

Huo ni unyang'anyi, hata ukifanywa kwa sauti ya upole. Fungu la mwanamke limetajwa katika Sura ya Nisaa, na vilivyomo kashani havikutolewa humo.

Na tumtazame huyo mjuzi wa chapa. Birika lililotengenezwa Uingereza likiwa fedha ya kweli, lilipelekwa kwanza kwa wapimaji, likagongwa mihuri midogo iliyopangwa mstari mmoja. Simba anayetembea, mguu wa mbele kauinua, maana yake ni kwamba sehemu 925 katika 1000 ni fedha. Muhuri huo ulianza mwaka 1544. Kichwa cha chui ni cha London, nanga ni ya Birmingham, na taji lilikuwa la Sheffield mpaka ua la waridi lilipochukua nafasi yake mwaka 1975. Iko herufi moja ya mwaka, na ziko herufi za jina la fundi. Ukiona na kichwa cha mfalme au malkia kutoka upande, kwa kawaida hiyo ni alama ya ushuru uliotozwa baina ya 1784 na 1890.

Lakini mara nyingi anachokiona kaka ni herufi E, P, N, S, kila moja ndani ya kingao chake, zimepangwa vizuri ili mnunuzi adhani ni mihuri. Herufi hizo zasema: nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme. Elkington wa Birmingham aliipatia kazi hiyo hati ya haki mwaka 1840, na tangu hapo vyombo vya kuchovya vikajaa duniani. Ndani yake mna shaba, nikeli na zinki, na fedha ni ngozi nyembamba ya juu tu. Wengine hujaribu kwa sumaku, wakafurahi isiposhika. Sumaku haishiki fedha, wala haishiki hiyo nikeli ya kuchovya! Na mwezi mwandamo ulio pamoja na taji na tarakimu 800 usikudanganye ukasema chombo ni cha Kiislamu. Hiyo ni chapa ya Ujerumani, inayotumika tangu 1888.

Sasa turudi kwa mafurungu yaliyodharauliwa. Mafundi wa Omani na wa pwani yetu hawakuwa na nyumba ya serikali ya kupimia. Waliyeyusha reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia na zaidi baadaye, yenye uzito wa gramu 28 na fedha sehemu 833 katika 1000. Bara Hindi nako kila fundi aliweka chapa yake akitaka. Oomersi Mawji wa Bhuj aligonga O.M., na wengi hawakugonga kitu. Basi kukosa chapa si kukosa fedha. Huenda dada kapewa fedha, na kaka kachukua nikeli. Huenda ikawa kinyume. Sisemi nani kapunjika. Nasema hakuna aliyepima.

Mtaniambia: tutamwuliza sonara. Yupi? Yule yule atakayevinunua kesho? Mwenye kununua hawi hakimu wa bei. Waulizeni wawili wasio na haja navyo, wavitie katika mizani na tindikali mbele ya warithi wote, wanawake wakiwepo. Na kabla ya hapo msivisugue kwa jivu na mchanga, maana muhuri ukifutika ushahidi umekwenda.

Kisha liko jambo ambalo wengi hawataki kulisikia. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, mapambo halali ya mwanamke hayatolewi zaka, lakini vyombo vya fedha vya kulia na kunywea ni haramu kuvitumia, kwa hivyo msamaha huo havina. Nisabu ni dirhamu 200, ambazo wanavyuoni wengi wa leo huzikadiria gramu 595 za fedha safi. Kwa fedha ya 925 ni kama gramu 643. Seti nzima ya chai, na birika lake na sinia lake, huweza kupita hapo. Ikiwa imekaa kabatini miaka thelathini bila kupimwa wala kutolewa robo ya kumi yake, hilo ni deni juu ya marehemu, na deni hutolewa kabla mrithi yeyote hajanyoosha mkono.